Nilivyomsoma Mungu kwa Kalamu Mbili

Wapendwa wa Mikumi, Bwana asifiwe, na asifiwe hata kwa kinywa hiki changu kilichowahi kusimama mbele zake na kusema uongo. Wazee wangu mliopo, shikamooni. Vijana, nimewaona, asanteni kwa kutukaribisha.

Naitwa Ezekieli. Kwetu Tindiga wananiita Baba Rehema. Mimi ni mkulima wa mpunga, na kwa miaka saba nilikuwa pia msomaji wa kanisa. Mchungaji wetu ana makanisa mengi ya kuzungukia, kwetu anafika mara moja kwa mwezi. Jumapili zilizobaki mimi ndiye niliyevaa kanzu nyeupe, nikaongoza sala, nikasoma masomo, nikahubiri. Nasema nilikuwa. Mtaelewa kwa nini.

Mchungaji wenu ameniomba nizungumze juu ya kumjua Mungu wa Biblia, tabia yake yote. Nilimjibu kwamba mimi theolojia siijui, darasa la saba ndilo langu, tena la Kidete, mvua ikinyesha sana mto Mkondoa ukafurika hatukwenda shule. Ninachoweza kueleza ni jinsi nilivyomjua Mungu nusu, na jinsi nusu hiyo ilivyomtia ndani mtu asiye na hatia. Akasema hicho hicho ndicho anachotaka.

Ndugu zangu, nianze na kalamu.

Mwaka nilioanza usomaji tulipelekwa semina Kilosa mjini. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole, alitugawia kila mtu kalamu ya bluu. Akasema kila mtakapokutana na ahadi ya Mungu ipigieni mstari, siku ya shida mtaipata haraka. Ushauri mzuri, nami niliupenda. Lakini niliporudi nyumbani nikapita dukani nikanunua kalamu ya pili, nyekundu. Hiyo hakuna aliyenituma. Nyekundu ilikuwa ya hukumu. Kila palipoandikwa moto, upanga, laana, waovu kuvunjwa meno, nilipita na nyekundu.

Wala sikuishia hapo. Pembeni niliandika majina. Kwenye zaburi moja niliandika "wafugaji". Kwenye nyingine nikaandika jina la mwenyekiti wa kitongoji aliyeninyima zamu ya maji. Kwenye bluu niliandika "mimi", halafu "mimi na watoto", halafu tena "mimi". Naona mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja ajikague kichwani mwake kama hana kalamu hizo.

Basi nilihubiri hivyo, na watu walinipenda. Mkulima aliyeliwa mpunga wake anapenda kusikia kwamba Mungu amemkasirikia mwenye ng'ombe. Walikuwepo wafugaji wachache waliokuwa wakisali pamoja nasi, familia mbili tatu. Wakapungua, kisha wakaacha kuja kabisa. Sikujiuliza kwa nini. Nilisema moyoni kwamba neno limewachoma.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa kiangazi, majani ya mbugani yamekwisha na ng'ombe wanafuata ukijani popote ulipo. Ukijani ulikuwa kwetu, kwenye mashamba ya mfereji. Mpunga wangu ulikuwa umebeba mimba. Mkulima anajua, wakati huo ukiliwa hauna cha kurudisha, umekwenda. Saa kumi na mbili asubuhi nilifika shambani na panga la kufyekea mfereji, nikakuta ng'ombe mmoja mweupe katikati ya jaruba langu. Alikuwa peke yake, amepotea kundi. Nilikuwa nimetoka kusali. Nataka mlisikie hilo. Nilitoka kusali, na mdomoni nilikuwa na mstari mmojawapo wa ile nyekundu.

Ng'ombe yule hakukimbia. Baadaye ndipo nilipojua sababu. Alikuwa ng'ombe wa maziwa, amezoea mikono ya watu, na aliponiona nakuja alidhani nakuja kumkamua. Alinigeuzia ubavu, akasimama vizuri. Nikamkata mshipa wa mguu wa nyuma.

Alijikokota kwa miguu mitatu, akavuka mfereji, akaanguka kwenye shamba la jirani yangu Zakaria. Nikatazama huku na huku, sikuona mtu. Nikafungulia maji ya mfereji yaingie kwenye jaruba langu, yakafunika damu na nyayo zote. Kazi ya maji naijua vizuri. Nilipomaliza shamba langu lilikuwa safi, na ng'ombe alikuwa kwa Zakaria.

Mwenye ng'ombe ni Mzee Lemayani, mfugaji wa siku nyingi pale kwetu. Vijana wake walimkuta ng'ombe wao hawezi kusimama, wakalazimika kumchinja palepale. Watu wakajaa. Na Zakaria, ndugu zangu, wiki moja kabla ya hapo alikuwa amesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema mbele ya wote kwamba ng'ombe akiingia tena kwake hatatoka na miguu minne. Ni maneno ya hasira tu. Zakaria hata kuku wake huwa anamwita jirani amchinjie. Lakini maneno aliyasema, na ng'ombe alikuwa shambani kwake.

Mwenyekiti wa kijiji akanigeukia mimi. "Baba Rehema, wewe ni mtu wa Mungu, na shamba lako limepakana na lake. Uliona nini?"

Nikasema, "Mimi sikuona kitu."

Zakaria alinitazama kama mtu anayengoja niendelee kusema. Sikuendelea. Jua halijazama alikuwa amechukuliwa, akapelekwa Kilosa, akawekwa mahabusu.

Sasa niwaambie nilichofanya nilipofika nyumbani, maana hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo. Nilifungua Biblia yangu nikaenda moja kwa moja kwenye bluu. Nikajisomea kwamba dhambi hata zikiwa nyekundu sana zitakuwa nyeupe. Nikapiga magoti, nikatubu. Nililia machozi. Kisha nikainuka, nikaoga, nikala. Nikahesabu kwamba jambo limekwisha kati yangu na Mungu wangu, na Zakaria atatoka kesho au keshokutwa kwa sababu hana kosa na Mungu humtetea asiye na kosa. Jumapili nikavaa kanzu.

Ndugu zangu, yale machozi yalikuwa ya kweli. Ndiyo hatari yake. Mtu anaweza kulia kweli mbele za Mungu, na mwenzake akaendelea kukaa ndani kwa ajili yake.

Zakaria hakutoka kesho wala keshokutwa. Wiki ya tatu mke wake, Mama Neema, alikuja nyumbani kwangu. Akanipigia shikamoo, nikaitikia. Akakaa mkekani. Akasema amekuja kwangu kwa sababu mimi ndiye msomaji, na hana mwingine wa kumwendea. Watoto watatu, mdogo bado ananyonya, na kila safari ya kumpelekea mume chakula Kilosa inamla nguvu.

Akasema, "Naomba unisaidie kuomba, Baba Rehema. Mungu amfichue aliyefanya. Na mkono uliomkata yule ng'ombe ukauke."

Nikaweka mkono juu ya kichwa chake. Mkono ni huu. Nikaomba maombi marefu, mazuri, yenye mistari. Nilipomaliza, yeye mwenyewe akaongeza lile la mkono kukauka, kwa sauti, huku analia. Nami nikasema Amina.

Tangu siku hiyo sikuwa mzima tena. Mkono haukukauka, lakini nilikuwa nauchungulia kila asubuhi. Nilianza kumwogopa Mungu wa nyekundu, nikawa namkimbilia wa bluu, na yule wa bluu hakunijibu tena. Nilisoma ahadi zile zile, nikaona kama nasoma barua ya mtu mwingine. Kwenda kusema ukweli nilishindwa. Niliona nikifungua mdomo tu, yule wa nyekundu atanimaliza mimi na nyumba yangu. Nikanyamaza mwezi wa pili, ukaingia wa tatu.

Nyinyi wa hapa Mikumi mlimwona Mama Neema kabla yangu. Shida ilimzidi, akahamia kwa dada yake hapa hapa, akawa anauza mahindi ya kuchemsha barabarani kwa madereva wa malori. Mimi sikujua. Nilikuja siku moja kununua mkanda wa pampu. Nikamwona anakimbia pembeni ya lori lililokuwa likitoka Iringa, beseni kichwani, mtoto mgongoni, amenyoosha mahindi mawili juu, na lori halisimami. Nilitaka kujificha nyuma ya vibanda. Akawa ameniona. Akaja, akafuta mikono kwenye khanga, akanisalimu kwa adabu zote. Akauliza hali ya mama yangu mzazi. Kisha akafunga mahindi manne kwenye gazeti nimpelekee mama. Nilipotoa pesa alikataa. Alisema mtu wa Mungu anayewaombea hawezi kumtoza.

Ndugu zangu, nililisha nyumba yangu mahindi ya mwanamke niliyemfungia mume.

Mama yangu nilimchukua kutoka milimani kule Kidete macho yalipomwishia. Alisoma shule ya misheni zamani, na maneno ya Biblia anayo kichwani kuliko mimi niliye nayo mkononi. Kila Jumamosi alasiri ninamsomea masomo ya kesho. Siku ile nilirudi kutoka Mikumi nikampa mahindi, akawa anakula taratibu kwa meno yake machache, huku akimsifu Mama Neema. Nikafungua Biblia ili asiendelee kumsifu.

Somo lilikuwa Kutoka, pale Musa alipopanda mlimani mara ya pili, Mungu akapita mbele yake na kulitangaza jina lake mwenyewe. Nikasoma kwamba yeye ni mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi. Nikafunga kitabu.

Nikasema, "Tumefika mwisho, mama."

"Mwisho wa nini?"

"Wa somo."

"Ezekieli, maneno hayo nilifundishwa na fimbo ya mwalimu ikiwa mezani. Hapo Mungu hajamaliza kusema. Fungua."

Nikafungua. Na pale, wapendwa, nikaona kazi ya mikono yangu. Mstari ulianza na bluu, ukaenda na bluu mpaka kwenye kusamehe. Halafu bila Mungu kunyamaza, bila Musa kuondoka, mlemle, nyekundu ikaanza: wala hatamhesabu mwenye hatia kuwa hana hatia. Kumbe miaka ile nilipita hapo na kalamu zote mbili, nikayagawa maneno ya Mungu aliyoyasema kwa pumzi moja. Pembeni ya bluu nilikuwa nimeandika "mimi". Pembeni ya nyekundu nilikuwa nimeandika "wao".

Nikasoma yote kwa sauti.

Mama akasema, "Haya, sasa ndiye yeye. Mbona ulitaka kunipunja? Usinipunje Mungu, mwanangu. Kwa umri wangu huu siku yoyote nakwenda kumwona, nisije nikafika nikakuta mtu nisiyemjua."

Alikuwa ananitania. Mama yangu hakujua lolote. Lakini mimi nilikaa pale na kile kitabu magotini, nikaona mambo mawili, moja baada ya jingine.

La kwanza lilinivunja. Niliona kwamba miaka saba sikuwa na Mungu, nilikuwa na kalamu. Huruma yake niliichukua nikajisamehe nayo wakati mwenzangu yuko mahabusu. Hukumu yake niliichukua nikawapiga nayo majirani. Mungu alipojitangaza mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, hakusema mimi ni mpole kwa Ezekieli na mkali kwa Lemayani. Alisema mimi ndimi huyu, na yote mawili yalikuwa yangu, huruma yote na hukumu yote.

La pili ndilo lililoniokoa. Kumbe yule ninayemkimbia ndiye yule ninayemkimbilia. Hakuna wa nyekundu aliyekaa peke yake ananingoja na upanga. Hakimu wangu ni huyu mwingi wa huruma, asiye mwepesi wa hasira. Hatasema sina hatia, kwa sababu ninayo. Lakini atakayesema hivyo ni yeye, si mwingine. Kwa hakimu wa namna hiyo mtu anaweza kwenda kwa miguu yake. Ile hofu iliyonifunga mdomo miezi mitatu ikanitoka pale pale mkekani, kikaniingia kitu kingine, sijui nikiiteje. Unyonge, nadhani, na unafuu.

Nikamwambia mama kila kitu. Panga, mfereji, maji, Amina.

Gunzi lilikuwa bado mkononi mwake. Kisha akauliza, "Mahindi haya umepewa na mke wake?"

"Ndiyo, mama."

Akaliweka gunzi chini, akajifuta vidole. "Basi kesho usivae kanzu."

Jumapili ile kanisa letu lilikaa bila msomaji. Mimi nilipanda pikipiki yangu alfajiri nikaja hapa Mikumi. Nilimkuta Mama Neema anapanga mahindi kwenye beseni. Nikamwambia nikiwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. Hakupiga kelele, wala hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Ile siku umeniwekea mkono kichwani, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na ukasema Amina."

"Nilisema."

Akamwita dada yake ashike beseni. Akaniambia, "Twende Kilosa." Tukapanda basi. Alikaa kiti cha mbele yangu, na safari yote hakugeuka.

Niliandika maelezo yangu nikaweka sahihi. Zakaria aliachiwa, mimi nikabaki. Mahakamani niliposomewa shitaka nilijibu, "Ni kweli." Nikahukumiwa miezi minne, nikaitumikia yote. Mchungaji wangu alikuja kuniona wiki ya kwanza. Tulisali, akalia kunizidi mimi, kisha akaniambia kwa upole kwamba usomaji nimevuliwa. Nikasema asante. Watu wengine wanafikiri ukitubu Mungu anakurudishia kila kitu kilivyokuwa. Mimi kanzu sijairudia, na sidhani nitairudia, na namsifu Mungu hivyo hivyo.

Kule ndani nilipewa Biblia ya kuazima. Haikuwa na rangi hata moja. Nikaanza Mwanzo na kwenda mbele, siruki. Nikaona Mungu anamfukuza Adamu bustanini, na kabla ya kumfukuza anamshonea nguo yeye na mkewe. Nikaona Daudi anaambiwa amesamehewa, na machungu ya alichofanya bado yanafuata nyumba yake. Nikaona msalaba, na sasa nikauona vizuri. Zamani niliuhubiri kama mahali Mungu alipoamua kulisahau kosa. Kumbe pale hakusahau kitu. Pale aliihukumu dhambi yote, na akambeba mwenye dhambi mzima, siku moja, mahali pamoja.

Na kuna jambo dogo lililonishinda kabisa. Kitabu cha Yona kinaishia na Mungu akimwuliza nabii aliyenuna: je, nisiuhurumie mji huu wenye watu wengi namna hii, na mifugo pia? Mungu ameitaja mifugo, ng'ombe wakiwemo. Ng'ombe wa maadui. Katika Biblia yangu kule nyumbani maneno hayo hayakuwa na wino wowote, nilikuwa nayapita tu. Siku ile nilimlilia yule mweupe, kwa mara ya kwanza. Nilimkumbuka alivyonigeuzia ubavu.

Nilipotoka, kifungo kilikuwa kimekwisha, lakini kifungo kilikuwa cha serikali. Mzee Lemayani alikuwa bado hana ng'ombe wake. Niliuza pikipiki na mpunga wa msimu, nikaenda mnadani Kilosa, nikanunua ng'ombe wa maziwa, mwekundu, mzuri. Nikamswaga mpaka kwake mbugani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akamzunguka yule ng'ombe. Akamwangalia meno, akamshika kiwele, akanyanyua kwato. Ndugu zangu, nitasema ukweli wangu. Nilitumaini atasema, ah, rudi naye tu, tumekwisha kukusamehe. Nilikuwa hata nimeandaa uso wa kukataa kidogo kabla ya kukubali. Hakusema hivyo.

Alisema, "Ng'ombe ni mzuri, nampokea. Yule wangu alikuwa anaitwa Naibor. Aliacha ndama ananyonya. Ndama alikufa wiki ile ile."

Sikuwa nimejua habari ya ndama. Hakuna aliyenishitaki kwa ndama. Nikasema, "Nitaleta ndama." Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikalima msimu mwingine, na baada ya mavuno nikaja na ndama jike.

Akampokea. Akamtia zizini na wenzake, akafunga mlango wa miiba. Akasema, "Sasa imekwisha."

Nikaaga. Akaniambia ningoje. Akaingia kwenye zizi la kondoo, mzee wa umri ule, akakataa kusaidiwa na vijana wake. Akakamata kondoo jike mwenyewe, akamfunga kamba, akaja akaniwekea kamba mkononi.

Nikasema, "Mzee, hii ni ya nini? Mimi ndiye niliyekukosea."

"Ulilipa," akasema. "Hii si malipo. Hii natoa mimi."

Kisha akanieleza desturi yao. Kwao mtu akimpa mwenzake mnyama kwa moyo, wawili hao wanaacha kuitana majina yao. Wanaitana kwa mnyama yule, maisha yao yote. Ukipewa kondoo mnaitana Paker. Akasema, "Leo sikuiti tena Ezekieli, na wewe huniiti Lemayani." Na mpaka sasa tukikutana mnadani, hata pakiwa na umati, ananiita kwa sauti Paker, nami naitika Paker.

Mzee yule hajabatizwa. Anafuata mambo ya baba zake, na Biblia hajawahi kuifungua. Lakini kile nilichokipasua kwa kalamu mbili, yeye alinionyesha kikiwa kizima. Haki hakunipunguzia hata kwato moja, mpaka ndama. Na ilipokwisha, mkono ule ule uliopokea haki ndio ulioniletea kondoo. Kama mwanadamu anaweza hivyo, mimi nitamwekea Mungu mipaka ya wino?

Nisiwadanganye kwamba yote yamekaa sawa. Zakaria anaitikia salamu yangu, basi. Mfereji tunausafisha siku moja, yeye upande wake na mimi upande wangu. Simlaumu. Mungu amenisamehe, lakini hakunipa ruhusa ya kumdai Zakaria msamaha. Ninamngojea, na akikawia mpaka nife, bado hanidhulumu kitu.

Namshukuru Mungu aliyenifichua kwa kinywa cha mama yangu badala ya kuniacha nioze ndani ya kanzu. Na wewe uliyekaa hapa leo na jambo lako, nakusihi kama mtu aliyepita huko. Pengine unamwogopa Mungu, kwa sababu umemsoma nusu. Pengine umemzoea mno, unajisamehe asubuhi na kurudia jioni, kwa sababu umemsoma nusu nyingine. Msome Mungu mzima. Mwendee alivyo. Atakuonyesha kosa lako lote, halipunguzi, na hatakuacha peke yako nalo hata dakika moja. Mtegemee huyo. Mimi nimemjaribu kwa mambo mabaya kuliko yote niliyowahi kufanya, na hakunitupa.

Nimalizie. Ushuhuda huu nimeutoa mara mbili kule kwetu, na mara zote mbili nikifika nyumbani nagundua nimejipendelea, kuna mahali nimepita haraka, kuna neno nimelilainisha. Tabia ya kalamu haitoki kwa siku moja. Kwa hiyo leo nimeomba ruhusa kwa Mchungaji wenu, naye amekubali. Mama Neema yupo humu ndani, benchi la nne upande wa akina mama. Alisema atakuja kunisikiliza kwa sharti kwamba nisifiche kitu. Mimi nimefika mwisho wa yale niliyoweza kuyasema mwenyewe. Mama Neema, tafadhali njoo mbele, uwaambie niliyoyabakiza.